Mshipa wa Chini ya Taya: Maisha ya Yeremia Lupakisyo

Mchungaji, Sheikh wetu, Mwenyekiti wa kijiji, Daktari Rafaeli uliyetoka Morogoro alfajiri ya leo, shemeji yetu Mama Raheli, watoto, wajukuu, majirani, na ninyi nyote mliofika kwa miguu, kwa baiskeli na kwa treni, poleni sana, nasi kwa kuwaona mmejaa uwanja huu tumeanza kupoa. Familia imemteua Simoni, mdogo wa mwisho wa marehemu, asome maisha haya mbele yenu, tena imemwonya asiongeze chumvi, onyo ambalo marehemu mwenyewe alipewa na madaktari kwa miaka minne mfululizo na hakulisikia hata siku moja, kwa hiyo likimshinda na msomaji, mjue ni tabia ya ukoo.

Yeremia Lupakisyo alizaliwa tarehe 14 Machi 1928, katika kambi ya wakata mkonge iliyokuwa nje kidogo ya Kimamba, wilayani Kilosa, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Lupakisyo, aliyekuja kutoka Tukuyu kwa mkataba wa manamba akidhani atarudi kwao baada ya msimu mmoja, na wa Bibi Siwema, binti wa wakulima wa Zombo, ambaye ndiye aliyemsahaulisha mzee njia ya kurudi. Nyumba yetu ilikuwa ya dini mbili, baba akisali kwa Kinyakyusa kila Jumapili, mama akifuturisha nusu ya kambi kila Ramadhani, na sisi watoto tulikua tukila sikukuu zote bila kuuliza maswali.

Bibi Siwema alikuwa na vidole vilivyosifika kambi nzima. Mtoto akiugua, kabla hajapelekwa zahanati alipelekwa kwake, naye alimshika chini ya taya kwa vidole viwili, akafumba macho, na mshipa ukigonga kwa nguvu alisema homa bado imo ndani, lakini ukitulia na kulegea chini ya vidole vyake alimgeukia mzazi na kumwambia, "Mshipa umelegea, homa imekwenda, nenda kapike uji." Maneno hayo yaliwatuliza akina mama wengi, na kwa homa za watoto mara nyingi yalikuwa kweli, naye Yeremia aliyajua kwa moyo kabla hajajua kusoma. Tunaomba myashike, kwa sababu maisha yake yote yalizunguka hapo.

Kuhusu elimu, marehemu alianza shule ya misheni hapa Kilosa mwezi Januari 1937, akasoma hadi darasa la nne, akamaliza Novemba 1940, na angeendelea kama baba yetu asingejikata mguu kwa panga akiwa kazini, jambo lililomfanya kijana ashike kibarua mapema. Mwaka 1941 aliajiriwa katika banda la farasi la shamba hilohilo la mkonge kuwa saisi, mtunza farasi, akisugua, akilisha na kutembeza farasi ambao mameneja waliwapanda kukagua mashamba, na huko ndiko alikopata ugonjwa wa kuwapenda, ugonjwa ambao haukuwa na chanjo. Kuanzia Januari 1949 hadi Desemba 1950 alihudhuria kozi ya wasaidizi wa mifugo huko Mpwapwa, alikofundishwa ng'ombe kuanzia pembe hadi kwato, mbuzi vilevile, kuku kwa kirefu, na farasi kwa ukurasa mmoja.

Aliajiriwa kuwa msaidizi wa mifugo wilaya ya Kilosa tarehe 2 Februari 1951, akazunguka na baiskeli yake kutoka Msowero hadi Zombo, akichanja, akisimamia majosho, akigombana na ndorobo, wadudu wale wanaoua mifugo kwa kuwauma tu, na akigombana zaidi na wenye mifugo waliokuwa wakificha ng'ombe siku ya chanjo. Mashamba ya mkonge yalimwita kila farasi alipougua, kwa kuwa ilijulikana kwamba farasi akimwona Yeremia hutulia, na kwamba Yeremia akiona farasi husahau chakula.

Tarehe 18 Septemba 1954 alifunga ndoa na Magreti, binti wa mshika bendera wa stesheni ya Kilosa, wakati huo akijifunza uuguzi. Shemeji ametupa ruhusa kuwaambia kwamba siku Yeremia alipomshika mkono kwa mara ya kwanza, pale nyuma ya stesheni, kidole chake kilikwenda chenyewe kwenye mshipa wa kifundo na kikabaki hapo, na bibi huyu, ambaye hajawahi kukopa maneno, akamwambia, "Bwana, mimi si farasi, kama unataka kujua ninavyojisikia niulize." Aliulizwa, akajibu, na Mungu akawajalia watoto watatu, Raheli aliyezaliwa mwaka 1956, Samweli mwaka 1958 na Anastazia mwaka 1961, ambao wote wako hapa, na wajukuu wanane ambao kila mmoja amewahi kushikwa chini ya taya badala ya kubusiwa.

Sasa tunafika mahali ambapo ukoo ulijadiliana iwapo pasomwe au parukwe, shemeji akasema pasomwe, kwa sababu bila hapo hamtamjua.

Mwezi Julai 1962, nchi ikiwa bado changa katika Uhuru wake, meneja wa lile shamba la mkonge, Mgiriki mmoja aliyekuwa akijiandaa kuondoka, alitaka farasi wake jike aitwaye Asali atolewe uvimbe uliokuwa begani. Daktari wa mifugo wa wakati ule alikuja na kisu chake, Yeremia akapewa kazi ya kukaa kichwani, yaani kuangalia dawa ya usingizi iliyokuwa ikitiririka kutoka kwenye chupa kuingia mshipani, na kuhakikisha farasi halemewi. Alitaka siku hiyo ing'are. Alichagua jengo la korona, ile mashine ya kuchakatia mkonge, kwa sababu sakafu yake ilikuwa ya saruji, akaisugua kwa sabuni tangu alfajiri mpaka mtu angeweza kula juu yake ugali bila sahani, na watu wa kambi wakaja kuchungulia madirishani, wakistaajabu mnyama mkubwa hivyo kulala bila hata kutikisa sikio. Walimsifu Yeremia kwa sauti, wakasema amemlaza kama mtoto mchanga, naye sifa zilimwingia. Mshipa wa chini ya taya, alipoushika mwanzoni, ulikuwa umejaa, kisha ukaanza kupungua, ukawa laini, ukalegea, na kile alichokinyonya pamoja na maziwa ya mama kikamwambia kwamba sasa mambo ni mazuri. Daktari alipomuuliza hali kutoka kule begani alikozama na kisu, Yeremia alijibu kwa moyo mweupe kwamba hali ni njema kabisa, na dawa ikaendelea kutiririka.

Uvimbe ulitoka vizuri. Asali aliamka, akainua kichwa, akatanguliza miguu ya mbele, lakini ya nyuma haikumfuata, na Yeremia alipomshika paja la upande aliolalia alilikuta gumu kama ubao, kwa kuwa damu haikuwa na nguvu ya kufika huko muda wote ule alipolala juu ya saruji, nyama ikafa mnyama akiwa hai. Alijaribu kusimama hadi jioni, akashindwa, meneja akaleta bunduki, naye Yeremia ndiye aliyemshika kichwa.

Kambi iliyomsifu asubuhi ndiyo iliyombatiza jina jioni, wakamwita Mlaza Moja kwa Moja, na watoto waliimba jina hilo nyuma ya baiskeli yake. Hakuwahi kumlaumu daktari wala dawa, wala hakumlaumu Bibi Siwema, ila alipomweleza mama yetu jinsi ilivyokuwa, mama alilia, akasema yeye alikuwa akizungumzia watoto wenye homa, hakujua kama kuna mtu angepeleka maneno yake kwa farasi. Tangu siku hiyo marehemu alikataa kukaa kichwani pa mnyama yeyote aliyelazwa kwa dawa, akabaki na chanjo na majosho, na tunawaambia ukweli, nyumba ilikuwa na ukimya ambao sisi wadogo zake tuliukimbia.

Aliyemtoa huko ni Daktari Rafaeli, aliyeletwa Kilosa mwezi Mei 1964, kijana, mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka ikakata, wa kwanza katika wilaya hii kuwa daktari wa mifugo na pia kumwamkia Mzee Lupakisyo shikamoo. Alisikia habari ya Asali sokoni, akamtafuta Yeremia mwenyewe, na badala ya kumpa pole akamchukua mpaka kwenye bomba la maji la kambi, akafungua koki ya kwanza, halafu wakatembea hadi nyumba za mwisho mstarini, ambako koki ilitoa tone moja na kunyamaza. Akamweleza kwamba maji yapo, bomba halijatoboka, kilichokosekana ni msukumo, na kwamba farasi aliyelala kwa dawa ndivyo alivyo, dawa inaulegeza moyo na kuitanua mishipa, damu ipo lakini haisukumwi, na nyama iliyolaliwa chini ndiyo nyumba ya mwisho mstarini. Kisha akasema neno ambalo marehemu alilirudia mpaka uzeeni, kwamba mtu aliyewahi kuuona mshipa ukilegea na akajua mwisho wake ndiye anayemtaka kichwani, si yule ambaye bado anadhani usingizi mzito ni baraka.

Basi wawili hawa wakawa kinu na mchi. Daktari alimfundisha kwamba farasi alazwe kwa dawa kidogo iwezekanavyo, kwamba afadhali apepese jicho kuliko atulie kama jiwe, kwamba apewe maji ya chumvi mshipani kwa wingi ili bomba lijae, kwamba ufizi ukibonyezwa kwa kidole lazima wekundu urudi upesi, na kwamba moyo ukichoka kabisa ipo dawa ya kalsiamu, ileile ya ng'ombe anayeanguka baada ya kuzaa, ambayo huingizwa polepole huku kidole kikibaki kwenye mshipa, maana ukiharakisha unaua ulichotaka kuokoa. Na Yeremia akaleta la kwake. Alikataa saruji maisha yake yote, akaenda Tindiga kwenye mashine ya kukoboa mpunga, akajaza magunia kwa pumba zile za mpunga ambazo watu huchoma tu, akayashona yasibane sana wala yasilegee sana, na tangu hapo hakuna mnyama aliyelazwa wilayani humu bila kutandikiwa magunia ya Yeremia. Alimvua kila farasi hatamu ili isimbane shavu, akamvuta mbele mguu wa chini ili bega lisikandamizwe, akampaka mafuta machoni, na alikuwa akifanya hayo huku akimsemesha kwa Kinyakyusa, lugha ambayo alidai farasi wanaielewa kuliko watu wa Kilosa.

Sifa zake zikafika Mikumi. Hifadhi ilipokuwa na wanyama walionaswa na nyaya za mitego, Daktari Rafaeli aliitwa kuwalaza kwa sindano ya kupigwa kwa bunduki, naye hakwenda bila Yeremia, na mwezi Agosti 1969 marehemu alimshika taya punda milia kwa mara ya kwanza. Alirudi nyumbani akicheka peke yake, akatusimulia kwamba dawa ile ya porini ni kinyume kabisa, badala ya kuulegeza mshipa inaupigisha ngoma, na kwamba yeye, aliyezoea kuogopa ukimya, siku hiyo aliogopa kelele. Waya ulikatwa, jeraha likasafishwa, punda milia akaamshwa kwa sindano nyingine, akainuka na kumpiga Yeremia teke la paja, na kovu lile alilionyesha wageni kama wengine wanavyoonyesha nishani.

Turudi nyuma kidogo. Lilipokuja Azimio mwaka 1967 na mashamba ya mkonge yakawa ya umma, meneja wa mwisho aliondoka na mizigo yake yote isipokuwa farasi dume mmoja mweusi, na kwa kuwa mtu aliondoka na farasi akabaki, wafanyakazi wakamwita farasi Meneja. Walimwamkia asubuhi, waliulizana kama Meneja amekula, na ubishi ulipotokea kazini walisema jambo hilo lipelekwe kwa Meneja. Wapo waliotaka auzwe, Yeremia akaomba asiuzwe, akamfundisha kuvuta mkokoteni, na ndipo farasi aliyezoea kubeba bwana mmoja akaanza kubeba umma, kwa maana alimbeba Magreti, ambaye sasa alikuwa muuguzi kamili, pamoja na sanduku lake la dawa, kwenda Tindiga, Msowero na Zombo kila barabara ilipokuwa tope.

Masika ya mwaka 1974 yalikuta watu wengi wamehamishiwa vijijini, nyumba zimesongamana, hazijakauka hata udongo, na surua ikaingia. Mto Mkondoa ulifurika, Landrova ya wilaya ilizama hadi milangoni, na chanjo ilibaki Kilosa kwenye barafu huku watoto wa bondeni wakizikwa, kwa hiyo Magreti alivuka na Meneja, maji yakimfika farasi kifuani, akachanja vitongoji vya mwanzo, na alikuwa arudi kuchukua barafu na chanjo kwa ajili ya vilivyobaki. Tarehe 22 Aprili, akiwa Tindiga, Meneja aligoma kutembea, akajipiga chini, akatoka jasho, na Daktari Rafaeli, aliyefika na Yeremia na msaidizi mmoja kwa mtumbwi na kwa miguu, alimpapasa na kusema utumbo umeteremka kwenye korodani na umejinyonga, bila kupasuliwa siku hiyohiyo hatafika kesho. Tena ilibidi alazwe chali, na kwa farasi hakuna ulalo mbaya kuliko huo, kwa sababu tumbo lote linaukalia mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni.

Walimlaza ndani ya banda la mashine ya kijiji ya kukoboa mpunga, ambako Timotheo, mwendesha mashine, alikuwa amekusanya pumba mlima mzima, na wanakijiji wakashona magunia mpaka sindano zikakatika, wakamkinga Meneja kila upande kama mtoto katikati ya mito. Yeremia alikaa kichwani. Magreti alipanda juu ya benchi akiwa ameshika juu chupa ya maji ya chumvi, maana chupa ikiinuliwa maji huenda kwa nguvu, na mkono ulipochoka akabadili mkono, hakubadilishana na mtu. Yeremia alikataza mtu yeyote kusifu. Alisema atakayesema mnyama amelala vizuri atolewe nje.

Daktari alipokuwa ameushika utumbo mikononi, mshipa wa chini ya taya ulianza kupungua, ukawa laini, ukalegea, uleule wa mwaka 1962, na marehemu alikuja kumsimulia mkewe kwamba kwa kitambo kifupi alimsikia Bibi Siwema, waziwazi kama yumo bandani, akimwambia akapike uji.

"Daktari, mshipa unakwenda," akasema. "Punguza dawa."

"Nikipunguza ataamkia mikononi mwangu, utumbo uko nje, kaka."

"Usipopunguza hataamka kabisa."

Daktari Rafaeli yuko hapa, anaweza kutusahihisha, lakini tunavyosimuliwa alimwashiria msaidizi wake abane mrija wa dawa, akaendelea kushona upesi, na kweli Meneja akatikisa mguu wa nyuma, gunia likapasuka, pumba zikaruka mpaka kwenye paa, watu wakakimbilia mlangoni, Magreti na benchi lake hawakusogea. Yeremia aliingiza kalsiamu, tone baada ya tone, huku jasho likimdondokea farasi usoni, akiwa hatazami sindano wala daktari, amefumba macho kama mama yake, na wote waliomwona wanasema midomo yake ilikuwa ikisema maneno ya Kinyakyusa. Mshipa ulirudi. Alisema "Umejaa," akasema tena, na Daktari akafunga tumbo.

Lakini kwa Yeremia kazi ilikuwa haijaanza, kwani na Asali alifungwa bega vizuri. Walimgeuza Meneja akalala ubavu, wakafunga milango kuwe na giza kidogo, wakanyamaza, kijiji kizima kikanyamaza nje kwenye mvua, na Yeremia akamlalia shingoni ili asiinuke kabla ya nguvu kurudi. Aliyapapasa mapaja ya farasi, akayakuta laini kama unga uliokandwa, akashindwa kujizuia, akalia. Meneja alijaribu kusimama, akaanguka, na hapo shemeji anasema aliona uso wa mumewe ukizeeka, kisha farasi akatulia, akafikiri, akajaribu tena, akasimama, miguu yote minne ikitetemeka, magunia yakiwa yametapakaa. Akina mama walijaza vifua kwa vigelegele, Yeremia akainua mkono, akawazuia, kwa sababu farasi anayetoka usingizini akishtuka huvunja mguu, na akina mama wa Tindiga wakavimeza vigelegele vyao, wakakaa navyo, mpaka Meneja alipoinama na kung'ata majani. Hapo ndipo walipovitoa, na inasemekana vilisikika ng'ambo ya mto.

Meneja hakuweza kufanya kazi kwa majuma mengi, na siku zile zilizobaki barafu na chanjo vilivushwa mtoni kichwani na vijana wa Tindiga wenyewe, ambao walisema ikiwa farasi amerudi kutoka huko alikokwenda, wao watashindwaje na maji. Vitongoji vyote vilichanjwa. Farasi akaja kuvuta mkokoteni miaka mingine mitano, na jina la Mlaza Moja kwa Moja likafa bila mtu kulizika, mahali pake pakaingia Mwamshaji, jina ambalo wengi wenu mlilitumia jana mlipoulizia njia ya kufika hapa.

Marehemu alistaafu tarehe 30 Juni 1980. Tayari mwaka mmoja kabla, Juni 1979, alipoanza kuvimba miguu, madaktari walimkuta na presha na moyo uliopanuka, wakamkataza chumvi, akawauliza mbona yeye aliwapa farasi chumvi kwa machupa wakapona, wakamweleza tofauti, akasema ameelewa, akarudi nyumbani na kuomba dagaa wa chumvi. Alikuwa mkaidi, tusifiche. Alikuwa pia mtu aliyejua barabara kinachoendelea ndani yake, na aliyetutania kwamba sasa nyumba ya mwisho mstarini ni vidole vyake vya miguu.

Mwezi Julai mwaka huu wa 1983 alilazwa hospitali, akatibiwa kwa uangalifu mkubwa, na ilipoonekana kwamba yaliyobaki ni ya Mungu aliomba arudishwe nyumbani. Alasiri ya tarehe 6 Agosti, Magreti akiwa ameketi kitandani naye, vidole viwili chini ya taya yake, marehemu alifumbua macho akamuuliza, "Mama Raheli, mshipa unasemaje?" Shemeji yetu ni muuguzi, ameshawadanganya wagonjwa wengi kwa huruma, lakini huyu hakuwa mgonjwa wa kudanganywa.

"Umelegea, Baba Raheli."

Alitabasamu, akamwambia, "Basi homa imekwenda. Nenda kapike uji." Hakusema tena. Shemeji hakuinuka, alibaki na vidole vyake pale mpaka kilipokosekana cha kushika, ndipo alipokwenda jikoni akawasha moto, na ninyi mlioingia wa kwanza kwenye msiba huu, mliokuta sufuria kubwa ya uji na mkashangaa, huo ndio uji mliounywa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia hapa Kilosa na Morogoro, wakamvumilia mgonjwa aliyekuwa akiwasahihisha namna ya kushika mshipa. Tunawashukuru majirani, Waislamu kwa Wakristo, waliochanga unga, kuni na hata sukari katika siku hizi ambazo sukari haionekani dukani. Tunawashukuru wenzake wa idara ya mifugo na wa Mikumi, na zaidi Daktari Rafaeli, ambaye hakumwacha kaka yetu abaki kwenye ile sakafu ya saruji. Na tunamshukuru Mzee Timotheo, aliyetoka Tindiga leo asubuhi akiwa na gunia la pumba kwenye baiskeli, akashuka kaburini bila kuomba ruhusa ya mtu, akazitandaza chini kwa mikono yake, akapanda juu, akajipangusa na kukaa.

Kaka, uliwakatalia viumbe wengi usingizi mzito, ukawarudisha wote isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyekufundisha kuwarudisha wengine. Wako huu hatukukatalii. Uji tumekunywa, pumba zimetandikwa, na akina mama wa Tindiga wako nyuma pale, wamenyamaza kama ulivyowafundisha. Lala, Mwamshaji, pumzika kwa amani.